Maua Yasiyo na Tumbo

Maboga yalikuwa yanakufa yangali na ukubwa wa kidole gumba. Yanatoka mazuri, ya kijani, yamekaa chini ya maua yao. Siku ya tatu yanageuka manjano, siku ya tano yanalainika, ukiyagusa tu yanadondoka. Na ajabu ni kwamba jambo hili lilikuwa la shamba moja tu kati ya mashamba ishirini na manne ya kikundi. Kwa jirani wa kushoto maboga yamelala kama watoto walioshiba. Kwa jirani wa kulia vilevile. Hapa katikati ni majani matupu, tena majani ya kuonewa wivu.

"Hili ni jicho la mtu," alisema Mama Pacha, kiganja chake kimejaa viboga vilivyooza.

"Jicho gani hilo linachagua boga na kuacha jani?" alimjibu mama mkwe wake. "Ongeza samadi, mwanangu. Kilichopo hapa ni njaa."

Na Mama Pacha akaongeza. Alikwenda kwenye zizi la mfugaji mmoja nyuma ya kiwanda cha mbao, akakubaliana naye afagie zizi siku tatu, apewe samadi. Akaibeba kichwani, karai baada ya karai, shingo imekakamaa. Pacha wake wawili, wasichana wa miaka saba, wakimfuata nyuma na vindoo vyao, wanabishana nani amebeba cha kunuka zaidi. Maboga yakaendelea kufa.

Mama mkwe mwenyewe alijulikana mtaa mzima kwa jina la Bi Mapema, maana hakuna jogoo aliyewahi kumwamsha. Kabla hakujapambazuka, yeye ameshafagia uwanja, ameshachota maji, ameshafika shambani. Alikuwa na miaka sabini na ushei na magoti yanayolia kama mlango mbovu, lakini kukaa kitako hakujui. Akila, anaosha sahani yake kabla wenzake hawajamaliza. Akipewa chai, anauliza kama watoto wamepata. Alikuwa anaishi kwa mwanawe, na kila tonge alilolimeza alilisikia likipita kooni.

Basi kila alfajiri alikuwa na kazi yake moja ambayo hakumwambia mtu, kwa sababu msaada ukishatangazwa si msaada tena. Alichuma maua.

Maua ya boga ni ya aina mbili, hata kipofu angeyajua kwa kupapasa. Yapo yenye tumbo: ua limekalia kiboga kidogo, mtu unaona kabisa kwamba hapa kuna jambo. Na yapo yasiyo na tumbo: yamesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, yamejipamba manjano, nyuma yake hakuna kitu. Walaji tu hao. Wanakunywa maji ya mfereji, wanakula samadi iliyovunja shingo ya mkwe wake, na hawazai. Bi Mapema hakuwa na huruma na kitu kinachokula bila kuzaa. Labda ni kwa sababu aliogopa kwamba na yeye ni mmoja wao. Alipita mstari kwa mstari akiyakata kwa kucha, hata yaliyokuwa hayajafunguka hakuyasaza, na akayatupia mbuzi wa jirani, ambao kwa kweli walinenepa.

Na kadiri maboga yalivyozidi kudondoka, ndivyo alivyozidi kuyachuma.

Haraka yao ilikuwa na sababu. Ardhi ile ilikuwa ya kikundi, na kikundi kilikuwa na sheria moja isiyo na mjomba wala shangazi: mwanachama mpya, msimu wake wa kwanza, ajaze mkokoteni mmoja. Msimu huo wote walikuwa wamepanda maboga, kwa kuwa shule moja ya bweni iliahidi kuleta lori kuyachukua. Usipojaza mkokoteni, shamba linakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Mama Pacha alikuwa amesubiri kwenye orodha hiyo miaka miwili.

*

Bwana shamba alikuja Jumamosi, na pikipiki inayokohoa na buti za mpira zilizompita magoti. Alikuwa kijana mfupi, mpole, anayesema na mimea kabla ya kusema na watu. Wanachama wote walimfuata shamba kwa shamba, na mwenyekiti mbele, orodha yake kwapani. Walipofika kwa Mama Pacha, maneno yalipungua.

"Samadi mmeweka?" aliuliza bwana shamba.

"Mikokoteni minne, na makarai sijui mangapi."

"Maji?"

"Zamu yetu ni Jumanne na Ijumaa. Hatujakosa hata mara moja."

"Mbegu?"

"Ileile ya kikundi, bwana shamba, mfuko mmoja na wenzangu."

"Na magugu sitauliza," alisema bwana shamba akitazama udongo uliosafishwa hadi ukang'aa.

"Magugu utayaona wapi na Bi Mapema yupo?" alidakia mtu, watu wakacheka kidogo.

Mwenyekiti hakucheka. "Tuseme ukweli tu jamani, mkono wa mtu mwingine hauna baraka. Mimi hapa nina watu kumi na mmoja wanasubiri ardhi. Udongo mzuri, maji yapo, na mtu anatuvunia majani!"

Mama Pacha aliinamisha kichwa. Pembeni yake Bi Mapema alikuwa akitikisa chake kwa uchungu, akisema moyoni kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba kama angempata huyo mdudu anayewala, angemtafuna mzimamzima.

Bwana shamba alikuwa amepiga magoti. Aliinua jani moja, la pili, la tatu. Akasogea kwa magoti hadi shina jingine. Akarudi.

"Mbona madume hakuna?"

"Madume ya nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Ya maua. Boga lina ua dume na ua jike. Jike ndilo hili lenye kiboga. Dume lina unga wa manjano katikati. Nyuki akiutoa kwa dume akaupeleka kwa jike, boga linashika. Asipoupeleka, kiboga kinaoza. Shamba zima hili ni majike tu, na nyuki wachache waliobaki huku wanaishia kwa majirani, kwenye madume." Akashika kikonyo kimoja kilichokatika, akakiangalia ncha. "Na haya hayakudondoka yenyewe. Yamekatwa. Kwa kucha."

Bi Mapema alitazama kucha zake. Unga wa manjano. Alikuwa nao kwenye kucha zote kumi, asubuhi hiyohiyo, na alikuwa ameufurahia, akidhani ni rangi ya kazi. Alizika mikono ndani ya mtandio wake. Alichelewa. Mama Pacha alikuwa ameshaitazama, mara moja tu, kama mtu anayesoma saa.

"Nani anayachuma haya maua?" aliuliza bwana shamba.

Bi Mapema alifungua mdomo. Naapa alifungua. Lakini mbele yake walisimama watu hamsini waliokuwa wakimwita mchapakazi, na ulimi wake ukagoma.

"Ni mimi," alisema Mama Pacha. "Nilidhani yanakula mbolea bure."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwarusha ndege. Mtu mmoja alilazimika kukaa chini. "Shamba la wajane!" alisema jirani wa kulia huku akifuta machozi. "Sasa mama, ulitaka wazae na upepo?" Mwenyekiti naye safari hii alicheka, tena kwa sauti, akasema kuanzia leo mwanachama huyu anaitwa Mchuma Maua na hivyo ndivyo atakavyoandikwa. Mama Pacha alicheka nao. Alicheka vizuri kabisa, mikono kiunoni, na shingo yake iliyobeba yale makarai ikiwa imesimama wima.

Bwana shamba aliwaacha wachoke. Kisha akaenda kwa jirani, akachuma ua dume moja, akalivua petali zake, akaligusisha taratibu katikati ya ua jike lililokuwa wazi.

"Dume moja linatosha majike matatu. Lakini sikilizeni. Ua jike linafunguka asubuhi moja tu katika maisha yake. Alfajiri limefunguka, saa nne limefunga, halifunguki tena. Kwa hiyo mwenye kuwahi ndiye mwenye boga. Na nyie mnaopiga dawa za wadudu asubuhi, mnawaua nyuki wanaowasaidia bure. Pigeni jioni, maua yakishafunga." Akamgeukia Mama Pacha. "Ua la leo ni boga la baada ya siku hamsini. Lori linakuja baada ya wiki tisa. Hujachelewa, dada. Lakini huna siku ya kupoteza."

*

Mwanawe Bi Mapema alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa ukutani mwa nyumba yao wenyewe. Habari ilimfikia kabla ya mkewe. Iliingia kwa mguu wa mteja.

"Nimekaa pale na kiatu cha mtu mkononi," alisema alipoingia ndani kunywa chai, "mtu mzima ananiuliza, mkeo anachuma maua ya nini, ya harusi? Mke wangu! Miaka miwili tunaimba shamba, shamba. Tunalipata, wewe unalichumachuma!"

"Nimekosea, Baba Pacha."

"Mama yangu na magoti yake anaamka gizani kwa ajili ya shamba lile. Mwenzie anajenga, wewe unabomoa. Huoni hata haya?"

Bi Mapema alikuwa ameketi kwenye kigoda na kikombe mkononi. Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hebu nisikilize..."

"Mama, chai inapoa," alisema Mama Pacha, akamwongezea, akamshikisha kikombe mikononi kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. "Kunywa kwanza."

Alikunywa. Ilikuwa na sukari vijiko viwili, kama kila siku, kama anavyoipenda. Chozi lake moja liliingia humo na hakuna aliyeliona, isipokuwa aliyemmiminia.

*

Kesho yake alfajiri waliongozana wawili, nyasi zikiwalowesha miguu. Walipofika kwenye mfereji Bi Mapema alisimama.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Wangekucheka, mama."

"Si wamekucheka wewe?"

"Mimi bado nina meno ya kucheka nao." Mama Pacha alivuka mfereji, akamnyooshea mkono. "Wewe una nini katika mtaa huu zaidi ya kazi ya mikono yako? Na hiyo niwaachie waichezee?"

"Nilikuwa nasaidia. Wallahi nilidhani nasaidia."

"Najua. Ndiyo maana sikukasirika. Nilikasirika kidogo usiku, nikapitiwa na usingizi."

"Nitamwambia mwanangu leo."

"Usimwambie. Atamwambia mteja, mteja atamwambia mwenyekiti, na mwenyekiti atasema nyumba hii haijui hata nani anafanya nini shambani. Acha maboga yashike kwanza, mama. Nakuomba."

Ndipo Bi Mapema akaushika ule mkono na kuvuka.

Shida ilikuwa moja: madume yao yalikuwa tumboni mwa mbuzi, na mengine yasingefunguka kabla ya siku nne tano. Ikabidi yaombwe kwa majirani. Bi Mapema alisema hiyo kazi ni yake. Alikwenda kwa jirani wa kulia, yule aliyeliita shamba la wajane, na kapu dogo mkononi.

"Hodi. Nimekuja kuposa."

"Kuposa!" Yule bwana alishika kiuno. "Mabwana harusi wangapi?"

"Ishirini, kama wapo."

"Na mahari je, Bi Mapema? Watoto wangu hawa nimewalea kwa gharama."

"Mahari ni heshima tu, baba. Nyingine sina." Ilimuuma kuomba, yeye ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi, lakini aliunyoosha ule mkono hadi kapu likajaa. Na yule jirani, baada ya kucheka, alimsaidia kuchagua yaliyo mazuri.

Kuanzia asubuhi hiyo hakukosa. Saa kumi na moja na nusu yuko shambani. Anasubiri jike lifunguke, analigusisha unga kwa uangalifu wa mtu anayempaka mtoto dawa ya macho, kisha analifunga mdomo kwa uzi, mvua isije ikauosha. Uzi aliukata kwenye kibunda cha mwanawe, ule mweusi wa nta wa kushonea soli. Magoti yakilia, anayaambia yanyamaze. Maboga ya kwanza yaliposhika, yakapita ukubwa wa kidole, yakawa kama yai, kisha kama ngumi, alikuwa anakaa kwenye ukingo wa tuta na kuyaangalia tu, na mdomo wake ukisema asante, asante, bila kusema kwa nani.

"Nani anakata uzi wangu?" alilalamika fundi kila jioni. "Nyumba hii ina panya wa kushona?"

Pacha walicheka hadi wakapaliwa. Bi Mapema alikunywa chai yake.

*

Siku ya kupima, lori la shule lilisimama barabarani na wanachama wote walikuja na maboga yao. Mkokoteni wa kikundi ni wa mbao, na kipimo chake ni rahisi: maboga yafike ukingo wa juu, mwenyekiti apitishe fimbo, fimbo isipate mwanya.

Mama Pacha na mumewe walibeba tangu asubuhi. Fundi alikuwa amefunga kibanda kwa siku hiyo. Mara mbili alisimama akiangalia kitako cha boga, mahali ua liliponyaukia, palipobaki kipande cha uzi mweusi wa nta. Akaliweka boga mkokotenini, akafuata jingine. Nalo lina uzi.

Boga la mwisho lilipoingia, mwenyekiti alipitisha fimbo. Upande wa mbele ilipita salama. Upande wa nyuma, kwenye kona, fimbo ilizama.

"Kona hii ina mwanya," alisema. Hakusema kwa ubaya. Kila mtu aliona. "Sheria ni sheria, Mchuma Maua. Yapo mengine?"

"Tumemaliza shamba zima," alisema Mama Pacha.

"Mmeleta mangapi?" Ilikuwa sauti ya Bi Mapema, kutoka nyuma.

"Sitini na moja, mama."

"Basi bado mawili. Niliyofunga yakashika ni sitini na matatu." Na akageuka, akaenda mwenyewe, hatua fupifupi, watu wakimpisha. Alipita tuta la kwanza, la pili, akafika kwenye kona ya mfereji ambako majani yalikuwa yamelala juu ya nyasi ndefu. Akaingiza mikono. Akawaita pacha. Walirudi watatu, kila pacha amekumbatia boga kubwa kuliko kifua chake, na bibi yao katikati, mikono mitupu, anahema.

Mawili yale yalikaa kwenye kona. Fimbo ilipita juu bila kupata mwanya.

"Shamba ni lenu," alisema mwenyekiti, na watu wakapiga makofi. Akafungua orodha. "Sasa niandike jina. Mchuma Maua, mkokoteni mmoja."

"Andika vizuri," alisema Bi Mapema. "Mchuma maua ni mimi."

Makofi yalikatika.

"Niliyachuma mimi, kila asubuhi, wiki tatu. Nilidhani ni walaji bure. Huyu hakuchuma hata moja. Siku ile mliyomcheka, alinisitiri, na mimi nikanyamaza. Nimekunywa chai yake miezi miwili nikiwa nimenyamaza. Hata mwanangu amemfokea mbele yangu. Jana usiku nilitaka nimshukuru jikoni. Nikaona hapana. Aibu yangu aliibeba mbele ya watu, asante yake nayo nitaitoa mbele ya watu. Asante, mwanangu. Sikukuzaa. Ningejua kuzaa mtu kama wewe, ningezaa zaidi."

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha alijifunika uso kwa viganja, na mabega yake, yaliyosimama siku ile ya kicheko, sasa yakaanguka, akalia kwa sauti kama mtoto. Fundi alimwendea. Alisimama mbele yake na mikono yake myeusi ya nta, hajui aiweke wapi.

"Nilikufokea," alisema, watu wakisikia. "Nisamehe, mama watoto. Mbele ya hawa wote, nisamehe."

Mwenyekiti alikohoa. Alifuta kitu kwenye orodha, akaandika kingine, akafuta tena. "Bi Mapema," alisema hatimaye, "msimu ujao, hiyo kazi ya alfajiri, unaweza kutufundisha na sisi?"

"Mkiamka," alisema Bi Mapema.

*

Jioni ile, kabla ya kuwasha taa, fundi aliingia ndani na kitu ndani ya karatasi ya duka. Alikiweka mapajani mwa mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda na chai yake. Ilikuwa rola nzima ya uzi mweusi wa nta, haijakatwa hata shubiri.

"Wa msimu ujao," alisema. "Usiniibie tena."

Bi Mapema aliushika ule uzi kwa mikono miwili. Akamaliza chai yake taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, alimpa mkwe wake kikombe bila kukiosha na kumwambia aongeze.